Kompyuta yafundishwa kunusa, mkulima wa Ufipa aulize mnunuzi kwanza

Sabuni ya limau inayouzwa katika maduka ya Sumbawanga yawezekana haijawahi kukutana na limau. Harufu yake hutoka kiwandani, na sasa kompyuta nayo imeingia katika kazi hiyo.

Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walitangaza katika jarida la Science programu iliyofundishwa kwa kemikali zipatazo 5,000 zenye harufu inayojulikana. Hutazama jinsi kemikali ilivyoungana, kisha hukisia harufu yake kabla mtu hajainusa. Ilipojaribiwa kwa kemikali 400 pamoja na wanusaji 15 waliofunzwa, kwa zaidi ya nusu ya kemikali hizo ilikaribia wastani wa kundi kuliko mnusaji wa kawaida.

Mtu wa ulezi na maharage linamhusu nini? Litamhusu siku atakapotembelewa na mwenye miche ya mchaichai, akiahidiwa bei nono.

Wenzetu wa Kagera walikwisha kuyaona. Kimbunga kilipoipiga Madagaska mwaka 2000, bei ya vanila ilipanda kwa kasi, na watu wakapanda kwa wingi. Baada ya 2003 bei ikaporomoka. Mashamba mapya yalikuwa mengi, na viwanda vingi vilikwisha kuhamia vanilini ya kutengenezwa, ambayo Wajerumani waliijua tangu 1874. Zamani kutafuta kemikali mbadala kulichukua miaka ya kujaribu na kutupa. Nionavyo, kompyuta itafupisha muda huo, na bei ikipanda mnunuzi atahama mapema zaidi.

Hata hivyo mafuta asilia hayajafa. Programu ile ilipimwa kwa kemikali moja moja, wakati mafuta ya karafuu ya Pemba ni mchanganyiko wa nyingi. Wako wanunuzi wanaotaka cha shambani, na hulipa.

Tatizo la Ufipa liko kwingine. Tani moja ya mchaichai mbichi hutoa kilo chache tu za mafuta. Bila mtambo wa kukamulia karibu, utakuwa unalipia lori kusafirisha maji. Mwenye miche aonyeshe mtambo uko wapi, nani ananunua, na bei iandikwe kabla hujang'oa maharage. Mahindi yakikosa soko, watoto watakula ugali. Debe la mchaichai litapika chai ngapi?