Vitumbula katika jani



Kwetu Kabambare sahani ya jirani hairudi tupu. Desturi nzuri, lakini inamfunga mama aliyekimbia vita. Anakataa wali wetu, si kwa kiburi: hana cha kurudisha ndani ya sahani. Polepole urafiki unapoa.

Mimi sasa ninamtumia vitumbula katika jani la mgomba. Jani halirudishwi. Loweka mchele usiku kucha, twanga, tia sukari, chachu na maji ya vuguvugu. Ukisha kuumuka, kaanga kwa mafuta kidogo katika kikaango chenye vishimo. Watu wa pwani hutia tui la nazi. Sisi hatuna, na vinatoka vizuri tu.

Hata Vietinamu, wala mchele kama sisi, wana vitumbula vyao, bánh khọt, vya unga wa mchele, manjano na tui, katika kikaango kama kile kile. Na bánh tét ya mwaka mpya wao, mchele wa kunata, hufungwa katika jani la mgomba.

Juma hili mpelekeeni jirani vitano, vikiwa moto. Mwambieni mtoto asisimame mlangoni kama anayengoja sahani.