Bosi, ejaili si kusimama tu!

Leo niko na mabosi wanaotaka programu za kompyuta zitengenezwe "kiejaili": mnafanya kipande, mteja anakiona, anasema, mnarekebisha. Jina hilo lilitolewa na jamaa 17 kule Utah, Marekani, mwaka 2001. Mtindo mtamu, ila ofisi nyingi zinachemsha.

Kwa nini? Kila asubuhi vijana wanasimama kikao cha dakika 15, lakini kubadili kitu kidogo tu mpaka saini tano! Na mkataba umeshafunga kila kitu tangu siku ya kwanza.

Waulize Waingereza. Mwaka 2011 wizara yao ilianza hivyo mfumo wa malipo ya ustawi, Universal Credit. Mwaka 2013 wakaguzi wa serikali wakakuta mtindo mpya umegongana na mikataba na taratibu za zamani. Mitambo ya pauni milioni 34 ikafutwa vitabuni!

Bosi, unataka ejaili? Achia rungu kwanza. Nawe kijana, ukiambiwa "siku hizi tumebadilika", uliza: nani anaamua? Tukutane wiki ijayo!