Paa limeezuliwa, kamati yatuambia tungoje kikao



Sisi ni wenye nyumba wa kambi moja ya zamani ya wafanyakazi hapa Kamina.

Jioni moja ya Januari upepo ulitangulia mvua, kama kawaida ya huku kwetu, ukaingia chini ya manjanja, yaani mabati ya paa, upande wa baraza na kuyafunua. Manjanja tisa yalikwenda. Mawili tuliyaokota kesho yake chini ya mwembe wa jirani, yamekunjamana. Nyumba zetu ni pacha: familia mbili, ukuta mmoja katikati, paa moja juu. Kwa hiyo mvua iliyoingia kwangu ilimwingilia pia mama mjane wa upande wa pili.

Asubuhi nilimwita fundi. Alikuwa amekwishapanda, misumari mdomoni, wajumbe wawili wa kamati ya wenye nyumba walipofika wakamwamuru ashuke. Kanuni yasema paa pacha lisiguswe bila kibali cha kikao, na manjanja yawe BG 28. Dukani siku ile nilikuta BG 32 tu, yale membamba. Mazito yalikuwa yangali yanangojewa kutoka Lubumbashi. Kikao nacho hukaa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Tukangoja siku 19.

Kanuni hiyo haikutungwa kwa ubaya. Mwenzetu mmoja aliwahi kukata boriti ili apanue jiko, paa la jirani likainama. Mimi mwenyewe niliinua mkono kuipitisha. Lakini siku ile tulimfikiria mtu anayejenga, hatukumfikiria aliyeezuliwa na upepo.

Vyumba tulivyoongeza nyuma ni vya matofali mabichi. Tofali bichi likifunikwa hudumu miaka. Likinyeshewa hurudi kuwa udongo. Turubai nililofunga lilichanika usiku wa tatu. Siku ya sita nilibonyeza kidole chini ya ukuta wa chumba cha watoto, kikazama hadi kiungo cha pili. Nikawahamishia sebuleni usiku uleule. Siku ya 11 ukuta ulilala. Kazi ya siku moja ya fundi imegeuka deni la ukuta mzima, na yule mama mjane hana hata pa kukopa.

Katiba yetu ya 2006, ibara ya 48, inahakikisha haki ya makazi yenye staha. Simwombi mtu anijengee. Naomba nisizuiwe kujifunika.

Kamati iongeze kifungu kimoja: aliyeezuliwa na upepo afunike nyumba siku hiyohiyo kwa alichonacho, jirani yake wa pacha na shefu wa avenyu wakiwa mashahidi, na ukaguzi ufuate baadaye. Manjanja mazito yakifika, tutabadilisha. Na wakuu wa mji huu, ulio makao makuu ya mkoa tangu 2015, waziombe kamati za kambi zote zilete kanuni zao zisomwe, maana najua si sisi peke yetu.

Wenzangu wa kambi, njooni kikaoni Jumapili ya kwanza ya Machi, nanyi mliosalimika njooni. Mvua yetu hunyesha hadi Aprili.

Mwenye nyumba,
Kamina, Haut-Lomami