Binti Yako na Uhandisi wa Umeme

 

Wiki hii tumeletewa swali na mama mmoja wa hapa Mombasa. Bintiye yuko Gredi ya 9, na wakati wa kuchagua mkondo wa masomo ya sekondari ya juu umewadia. Mtoto amesema ataka mkondo wa sayansi, kisha aende chuo kikuu akasomee uhandisi wa umeme na elektroniki. Babake amenyamaza. Shangazi zake wamecheka, wakauliza ni lini walimwona binti wa Kiislamu akipanda nguzo ya stima. Mama mwenyewe hajui amjibu nini, na skuli inasubiri jibu.

Mama yetu, tuanze na hiyo nguzo. Apandaye nguzo ni fundi, na kazi yake ni ya heshima na ya hatari. Mhandisi ndiye apigaye hesabu kabla ya nguzo kusimamishwa: waya uwe mnene kiasi gani, transfoma ya mtaa ihudumie nyumba ngapi, na umeme ukatike kwa upesi gani pindi waya ukianguka, ili mpita njia asipoteze maisha. Stima ya volti 240 inayoingia majumbani mwetu yatoka mbali. Iko itokanayo na mvuke wa ardhini kule Olkaria, iko ya mabwawa ya mto Tana, na iko ya upepo wa Loiyangalani karibu na ziwa Turkana, ambayo husafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Safari yote hiyo huongozwa na hesabu za wahandisi.

Huo ni upande wa umeme. Upande wa elektroniki ni wa vitu vidogo na mawasiliano: simu, redio, vipimo vya hospitali, na ile mashine inayompa joto mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Hata ujumbe tunaotumiana na jamaa zetu wa Ghuba una njia yake chini ya bahari, kwa kuwa tangu mwaka 2009 iko kebo ya TEAMS iliyolazwa kutoka Fujairah, Imarati, hadi hapa Mombasa.

Masomo yenyewe huchukua miaka 5 katika vyuo vikuu vya Kenya. Mwanzoni huwa ni hesabu, fizikia na kazi za karakana. Kisha huja saketi, mota na jenereta, mitambo ya kujiendesha, na mawasiliano ya mawimbi. Katikati mwanafunzi hupelekwa kazini kwa mafunzo ya vitendo, na mwaka wa mwisho hubuni na kuunda kitu chake mwenyewe. Akihitimu, husajiliwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi si chini ya miaka 3 akiangaliwa na waliomtangulia kabla ya kutambuliwa kuwa mhandisi kamili. Kwa hivyo mzazi, kabla ya kulipa ada popote, hakikisha kwamba shahada hiyo imeidhinishwa na Bodi.

Wako watakaouliza dini yasemaje. Imam al-Ghazali, katika Ihya Ulumiddin, aliitaja tiba na elimu ya hesabu miongoni mwa fardhi kifaya: wakijitokeza wa kutosha, wengine husalimika, wakikosekana, jamii nzima imo lawamani. Akasikitika kwamba ilikuwako miji isiyokuwa na tabibu Mwislamu, ilhali watu walisongamana katika fiqhi. Tujipime kwa maneno hayo. Mitambo ikiharibika katika wodi ya kina mama, twapenda anayekuja kuitazama awe mwanamke mwenye staha. Basi mwanamke huyo atatoka nyumba gani, ikiwa kila nyumba yangoja binti wa jirani?

Wala jambo hili si geni pwani. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianza kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa jina la MIOME. Miongoni mwa waliochangia kuianzisha ni Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora, kwa nia ya kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Kikapitia majina kadhaa hadi kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, na shahada ya uhandisi wa umeme na elektroniki husomeshwa hapo hapo. Binti wa Mombasa aweza kuisoma akilala kwao.

Hofu za wazazi hatuzidharau. Ni kweli kwamba darasani wasichana huwa wachache, na kazini atakuwa na wanaume. Jawabu lake ni malezi, adabu na mipaka ileile anayoishika sokoni na hospitalini. Ama mavazi, sitara haizuiliki karakanani, lakini ina utaratibu wake. Mikono mipana ya buibui na ncha za mtandio zinazoning'inia ni hatari mbele ya mota inayozunguka. Basi mtandio uchomekwe ndani ya koti la karakana, nguo ziwe za pamba kwa kuwa zile za nailoni huyeyuka na kugandana na ngozi zikipata moto, na pete na bangili zivuliwe. Hina haina neno.

Gharama nayo ni mzigo. Mkopo wa kawaida wa serikali una riba, na familia nyingi hujizuia nao. Waulizeni wanazuoni mnaowaamini, na wakati huo huo ombeni basari za kaunti na za eneo bunge mapema. Matajiri wetu nao wakumbuke kwamba kumlipia mwanafunzi ada ni sadaka ambayo manufaa yake huendelea. Kuhusu ndoa, shahada haijaharamisha posa. Liwekwe wazi tu tangu mwanzo baina ya familia mbili kwamba atamaliza masomo yake.

Lakini mama yetu, tazama: hofu zote hizi ni za miaka ijayo. Huulizwi leo kama umwozeshe au umpeleke chuoni. Unaulizwa jambo moja tu: je, aendelee na hesabu na fizikia? Mlango wa uhandisi hufungwa hapo, mtoto akiwa na miaka 14 au 15. Hata kwa wale wa kidato cha nne, shahada hii kwa kawaida hutaka alama ya C+ katika hesabu, fizikia na kemia, na aliyeiacha fizikia baada ya kidato cha pili hana alama ya kupeleka. Akiyasoma masomo haya kisha akabadili nia, bado aweza kuwa mwalimu au mhasibu. Akiyaacha, kurejea ni vigumu mno. Udongo uwahi ungali maji.

Basi nenda skuli wiki hii, ukiwa na babake ikiwezekana, mkae na mwalimu wa hesabu na mwalimu wa sayansi. Waulizeni bila haya: mtoto huyu aelewa, au amependa jina tu? Kisha mwulizeni mwenyewe, mbali na shangazi zake. Ikiwa hesabu humkera, msimlazimishe kwa fahari ya kuitwa wazazi wa mhandisi. Ikiwa azipenda na aziweza, tieni sahihi, kisha muombeeni dua.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atuongoze katika kuwachagulia lililo na kheri. Wabillahi tawfiq.