Kisu kimefika na ncha imekatika: nani atalipa?

Siku hizi mtu wa Bunia hana lazima ya kupanda gari hadi Kampala juu ya kununua chombo cha jikoni. Picha inapita kwenye kikundi cha WhatsApp, bei iko kwa dola, pesa inatoka kwa Airtel Money ao M-Pesa, kiisha mtu anangoja. Wenye restora, wenye kuchoma nyama, mama wanaopika kwenye ndoa na matanga, wote wananunua namna hiyo: sufuria, mashini ya kusaga, visu. Mara nyingi kitu kinafika kizima. Siku kinapofika kimevunjika ndipo matata inaanza, kwa sababu kila mtu aliyeshika ile koli njiani anamsonta mwenzake kidole.

Tuchukue kisu. Ni kitu kidogo, hakina waya wala kioo, na watu wanazani chuma hakivunjiki. Kisu cha mpishi cha dola 40 kinafika Bunia na ncha imekatika, ao makali yametoka vipande, ao mpini umepasuka. Mwenye kuuzisha anasema alikituma kizima. Ajansi inasema ilipokea karto iliyofungwa, ya ndani haikuyaona. Mtu wa moto aliyeleta mpaka nyumbani anataka tu pesa yake ya kosi. Mnunuzi ndiye anabaki mlangoni na kisu kibovu mkononi.

Watu wengi wanasema hapa kwetu hakuna sheria ya mambo haya. Hiyo si kweli. Sheria ziko, tena si mbaya. Kinachokosekana ni karatasi: karibu hakuna mtu anayeandika neno wakati koli inatoka mkono mmoja na kuingia mkono mwingine. Na pasipo karatasi hasara inamwangukia mtu wa mwisho, ambaye kila mara ni mnunuzi.

Kwanza tuangalie mikono hiyo ni mingapi. Koli ya kutoka Kampala inaweza kupitia mpaka wa Goli na Mahagi, kiisha karibu kilometa 180 za barabara ya kitaifa namba 27 hadi Bunia. Inaweza kupitia Ziwa Albert, ikavushwa kwa mtumbwi wa mota hadi Kasenyi. Inaweza pia kuingilia Kasindi, ikapanda Beni, Oicha, Eringeti, Luna, hadi Komanda. Kila njia ina kupakua na kupakia tena, ina mvua, ina vizuizi ambapo karto inafunguliwa na kufungwa upya ovyo. Mwaka wa 2017 watafiti wa IPIS walihesabu vizuizi 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini peke yake. Ituri haikuwa ndani ya hesabu hiyo, lakini msafiri wa hapa hahitaji mtafiti wa kumwambia namna ilivyo.

Juu ya yote kuna vita. Toka tarehe 6 Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi pamoja na Kivu ya Kaskazini. Septemba ya mwaka huo huo, msafara wa magari uliokuwa unasindikizwa na wanajeshi ulishambuliwa kwenye barabara ya Komanda na Luna, magari yakachomwa. Koli iliyoungua siku ile hakuna mtu angeweza kumdai dereva. Ni kile wanasheria wanaita force majeure, yaani nguvu inayomshinda mtu, na ni haki. Lakini neno hilo limeanza kuzoeleka vibaya. Karto imepondwa na mifuko ya saruji, unaambiwa "ni hali ya inchi". Karto imelowana kwa sababu tarpolini ilitoboka, ni hali ya inchi. Kisu kilichokatika ncha kwa sababu kilitupwa ndani ya karto bila kufungwa, nacho ni hali ya inchi. Vita ni vita, na uzembe ni uzembe. Mtu aliyepoteza koli yake kwenye shambulio la kweli ndiye wa kwanza kuumizwa na uongo huo.

Na kisu chenyewe kinaweza kusema, ukikiangalia pamoja na karto yake. Ikiwa ncha imepinda ao imekatika, na karto ina tundu dogo kwa upande ule ule, maana yake kisu kilikuwa kinatembea ndani. Mwenye kuuzisha hakukifunga vizuri. Kisu kinachosafiri kinapaswa kuwa na ala, hata ya karto nzito iliyokunjwa na kushikwa na skochi, na kipande cha koki ao cha mti laini kwenye ncha. Ikiwa mpini umepasuka na karto imebonyea, kuna mzigo mzito uliowekwa juu: hapo uliza mwenye gari. Kutu ya rangi ya chungwa kwenye chuma, na karto yenye alama ya maji, inaonyesha mvua ao ziwa. Lakini ikiwa karto ni safi, ala ni nzima, na makali yametoka vipande, basi usimsumbue dereva. Kisu kiliwekwa ndani kikiwa hivyo, ao kilikwisha kutumika na mtu mwingine.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Visu vya namna ya Kijapani, vile vyembamba ambavyo picha zake zinapendwa sana kwenye simu, vina chuma kigumu kuliko vile vya namna ya Kijerumani. Vinakata vizuri na vinakaa na makali siku nyingi. Lakini ugumu huo una bei yake: kikipigwa, chuma hakipindi, kinatoka kipande sawa kioo. Kwa barabara yetu, kisu kinene kidogo cha chuma laini kina bahati zaidi ya kufika kizima. Mtu wa Kampala ao wa Dubai hatakuambia hivyo, kwa sababu kile chembamba ndicho kina picha nzuri.

Tukuje kwa sheria. Ile ya zamani kabisa, dekre ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ingali inafanya kazi hapa Kongo. Inasema kwamba mauzo yanakamilika pale watu wawili wanapopatana juu ya kitu na bei, hata kama kitu hakijatolewa na pesa haijalipwa. Mnunuzi asome mstari huo mara mbili. Maana yake, ukisha kuandika "sawa, nakamata" kwenye simu, mwenye kuuzisha mjanja anaweza kusema kisu kilikuwa chako tayari kilipotoka kwake, na ya barabarani ni yako. Dawa yake ni maneno machache kabla ya kulipa: "bei ni ya kitu kizima, mkononi, Bunia". Akikubali, barabara inakuwa yake. Akikataa, angalau umejua unanunua nini.

Dekre hiyo pia inamlazimisha mwenye kuuzisha kujibu kwa ubaya uliojificha, yaani kasoro ambayo mnunuzi hangeweza kuiona alipopokea. Ufa mdogo ndani ya chuma uko humo. Ncha iliyokatika haiko humo, kwa sababu inaonekana kwa macho. Kwa kinachoonekana, unapaswa kusema mara moja.

Kwa upande wa mwenye gari kuna sheria ya OHADA juu ya kusafirisha mizigo kwa barabara, iliyotiwa sahihi Yaoundé mwaka wa 2003. Kongo iliingia OHADA mwezi wa Septemba 2012, na sheria hiyo inafanya kazi hata kwa mzigo unaotoka Uganda kwa barabara ukishushwa Kongo. Inasema mambo ambayo ajansi nyingi hazipendi kusikia. Kukosa barua ya mzigo hakufuti mkataba: ulilipa, akachukua, mkataba upo. Mwenye kupokea mzigo anapaswa kumjulisha msafirishaji ubaya unaoonekana, mwisho ni siku ya kazi inayofuata, na kwa ubaya usioonekana ana siku 7. Akinyamaza, inahesabiwa kwamba alipokea mzigo sawasawa vile ulivyoandikwa. Kunyamaza ndiko kunatuponza hapa Bunia. Mtu anapokea koli mangaribi, anaitupa chini ya meza, anaifungua siku ya pili ya juma linalofuata, kiisha anapiga kelele.

Sasa, sheria hiyo hiyo ina mstari mwingine unaouma. Msafirishaji halipi zaidi ya franka CFA 5.000 kwa kila kilo ya mzigo. (Franka CFA haitumiki hata hapa, lakini ndiyo kipimo kilichowekwa.) Kisu na karto yake vina gramu 300. Piga hesabu: franka 1.500, ambazo ni kama euro 2 na senti 30. Kwa kisu cha dola 40! Mfuko wa maharagi unalindwa vizuri na sheria hii. Kitu chepesi cha bei kinaachwa uchi. Njia ya kutoka ni moja: kutangaza bei ya kitu wakati wa kukiweka kwenye gari, na kuiandika kwenye barua ya mzigo. Ajansi itaomba pesa kidogo zaidi. Kwa simu, kwa kisu cha bei, kwa mashini ndogo, hiyo pesa ni ya kutoa. Kwa kisu cha dola 8, acha.

Msafirishaji ana pia mlango wa kutokea: ikiwa kitu kilifungwa vibaya, anaweza kusema si kosa lake. Ndiyo sababu picha ya ndani ya karto ina nguvu kuliko picha ya kisu peke yake.

Sitamwambia mtu aende kwenye tribunal de paix kwa kisu kimoja. Tiketi za moto za kwenda na kurudi zitakula bei yake. Nguvu ya kweli ya mnunuzi mdogo iko kwenye pesa ambayo hajatoa bado, na kwenye kikundi. Mwenye kuuzisha anayejulikana kwenye vikundi viwili ao vitatu vya Bunia anaogopa jina lake liharibike kuliko anavyoogopa hakimu. Kwa hiyo lipa nusu wakati wa kuagiza, nusu ukisha kufungua. Akikataa nusu kwa nusu, omba hata robo ibaki. Pesa ikisha kuondoka yote kwenye simu, unabaki na adabu yako tu.

Kwenye depo, fungua koli mbele ya mtu wa ajansi kabla ya kusaini. Watakuambia kuna mstari wa watu nyuma yako, wacha wangojee. Piga picha ya karto pande zote ingali imefungwa, ya namna kisu kilivyolala ndani, kiisha ya ubaya wenyewe karibu. Kama kimeharibika, andika kwenye bordero yao, kwa mkono wako, "ncha imekatika, karto imetoboka", tarehe na saa, ndipo usaini. Wakikataa uandike, watumie maneno hayo hayo kwa simu pale pale. Kode ya mambo ya numeriki, iliyotangazwa tarehe 13 Mechi 2023, inakubali maandishi ya elektroniki kama ushahidi, mradi ijulikane nani aliandika na kwamba hayakubadilishwa. Sauti ya WhatsApp ni nzuri kwa salamu. Kwa deni, andika.

Na kwa mwenye kuuzisha, heshima inasaidia kuliko matusi. Kitu kama hiki kinatosha: "Mama, salamu. Koli imefika leo saa ine ya asubui. Kisu kiko na ncha ya kuvunjika, karto iko na tundu, picha ni hizi. Tulipatana kitu kizima mpaka Bunia. Naomba utume ingine na mzigo yenye kufuata, ao tupunguze dola 15 kwa ile nusu yenye imebakia, mi nitengeneshe hapa." Umempa njia mbili, zote ndogo kuliko kurudisha pesa yote. Wengi watachagua kupunguza, kwa sababu kurudisha kisu kibovu Kampala kunagarimu karibu sawa na kisu.

Ukikubali apunguze, ndipo uende kwa fundi, si mbele. Kisu kilichokwisha kunolewa hakionyeshi tena kilivyofika, na picha zako zinapoteza nguvu. Ncha iliyokatika inatengenezeka: fundi anasaga mgongo wa kisu, anaushusha polepole hadi ukutane na makali, na ncha mpya inatokea bila kugusa makali yenyewe. Kisu kinakuwa kifupi kidogo. Vipande vilivyotoka kwenye makali navyo vinaisha, lakini inabidi kusaga makali yote hadi yafike chini ya kipande kirefu kuliko vingine, na hiyo ni kazi ya jiwe na maji. Mpini uliopasuka ni kazi ya seremala, mti mgumu na misumari miwili ya shaba.

Angalia tu mashini ya umeme. Jiwe linalozunguka kavu linachoma chuma, na ukiona rangi ya bluu inatokea kwenye ncha, basi pale chuma kimelegea na hakitashika makali tena. Mwambie fundi aweke ndoo ya maji karibu na akichovye kila mara, na usimame pale mpaka amalize.