Jaribu Duka Lako la Mtandaoni Kabla Mteja Hajakujaribia

Siku hizi biashara za Eastlands, kuanzia viatu vya Gikomba hadi keki za Buruburu, zinauza kupitia tovuti. Shida huja pale mwisho: mteja amelipa, pesa imetoka, lakini ukurasa bado unamwambia asubiri. Analipa tena, halafu anakupigia simu akiwa amewaka. Ndiyo maana fundi wako wa tovuti anahitaji programu inayofungua brauza yenyewe, inachagua bidhaa na kubonyeza "Lipa" kama mteja, kila mara anapobadilisha kitu.

Sasa, programu gani? Selenium ndiyo mzee wa kazi, iko tangu 2004. Playwright ya Microsoft ilitoka 2020. Zote ni za bure. Kwa maoni yangu, kama unaanza leo, anza na Playwright. Inangoja kitufe kiwe tayari kabla ya kukibonyeza, inaiga skrini ndogo ya simu, na inaweza kukata mtandao katikati ya malipo. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu, maana bando haibishi hodi ikiisha. Lakini kama fundi wako tayari ana majaribio ya Selenium na yanafanya kazi poa, usimsumbue ahame.

Kuna kitu kimoja ambacho zote mbili haziwezi: kuweka PIN. Ule ujumbe wa PIN hutokea kwenye simu, si ndani ya brauza. Kwa hivyo fundi atumie mazingira ya majaribio ya kampuni yako ya malipo, kisha aangalie duka linafanya nini malipo yakipita, mteja akikataa, pesa isipotosha, na jibu likichelewa. Ukijaribu malipo yanayopita pekee, bado hujajaribu. Na PIN yako isiandikwe kwenye programu yoyote, hata kama fundi ni binamu yako.

Halafu kuna wateja wa Opera Mini, ambayo ikibana data hupitisha kurasa kwenye seva zake kwanza. Selenium na Playwright haziigi hiyo. Hapo hakuna njia ya mkato: chukua simu ya bei nafuu, washa data, ununue kitu kwenye duka lako mwenyewe. Ukikwama, jua mteja wako pia amekwama, na yeye hatakungoja.