AFYA NYUMBANI: Presha Haipigi Hodi

Miezi michache iliyopita tulisafiri kwa njia ya kando ya ziwa, itokayo Uvira kwenda Baraka, tukashuka karibu na Nundu kumtazama mzee mmoja tuliyemfahamu tangu zamani. Tulimkuta amelala, mkono na mguu wa kuume vimepooza, ulimi mzito. Jamaa zake walikuwa wamekwisha kumtaja jirani kuwa ndiye aliyemloga. Tulipouliza zaidi, binti yake alitoa chini ya mto mfuko wa vidonge. Baba alikuwa amepimwa mwaka uliotangulia, akaambiwa damu yake ina shinikizo kubwa; akameza dawa majuma mawili, akaona hana maumivu yo yote, akaacha.

Hapo ndipo wengi hukosea. Presha ikifika 140 kwa 90 au kuzidi, tena ikapimwa siku nyingine ikawa vivyo hivyo, waganga wa hospitali huiita ugonjwa, hata kama mwenyewe analima na kuvua samaki kama kawaida. Mshipa wa ubongoni ukiziba au kupasuka, nusu ya mwili hupooza. Mchawi hahitajiwi hapo.

Wako wasemao kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu. Zamani neno hilo lilikuwa na sababu yake. Mwaka 1929 Daktari Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini nchini Kenya, alitangaza vipimo vya Waafrika wapatao 1000. Alisema pia kwamba kati ya wagonjwa kama 1800 waliolazwa kwa muda wa miaka miwili hakumwona hata mmoja mwenye presha ya juu. Lakini mwaka 1990 wataalamu wengine walieleza habari za Wajaluo, watu wa upande ule ule wa Ziwa Victoria, waliohamia Nairobi. Waliwafuata tangu kutoka kijijini, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Presha ya waliohama ilipanda upesi baada ya kufika mjini. Katika mkojo wao chumvi ilikuwa imezidi, na potasiamu, madini tuyapatayo katika ndizi, maharagwe na mboga za majani, yamepungua kwa kulinganishwa nayo. Kabila lilikuwa lile lile. Maisha na chakula ndivyo vilivyogeuka.

Basi na tutazame chungu chetu. Sombe ni chakula chema, na ndagala waliokaushwa juani bila chumvi hawana ubaya. Lakini samaki wa chumvi, juu yake Maggi, na juu yake tena chumvi ya mkononi! Shirika la Afya Ulimwenguni lasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kuwamo katika samaki. Mama, waloweke samaki hao, ukamwage maji.

Juu ya dawa, kwa miaka mingi waganga wetu walifuata majaribio yaliyofanywa ng'ambo. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya jaribio la wagonjwa Waafrika 728 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo, ingawa Kongo haikuwamo. Walipewa dawa mbili mbili kwa miezi sita. Amlodipini, ikiunganishwa ama na dawa ya kuongeza mkojo ama na perindoprili, ilishusha presha kuliko hizo mbili za mwisho zikiunganishwa bila yake. Mtu asijichagulie sokoni kwa kusoma haya. Mama mwenye mimba hasa amwambie mganga hali yake, kwa maana perindoprili yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Jumapili iliyopita tulimwona tena mzee wetu. Humeza vidonge kila asubuhi, binti akivihesabu, na ulimi umeanza kufunguka. Jirani yule bado hapiti mbele ya mlango wao. Binti ametuahidi kwamba baba akiweza kutembea, watakwenda kwake pamoja kumwomba radhi.